Mwongozo wa Swali la Tisa

Swali lile Mwalimu Yuditha alilitunga mwenyewe, tena kwa haraka, sufuria ikiwa jikoni. Shule saba za Moshi zilikuwa na mtihani wao wa ujirani mwema wa kidato cha pili, somo la Historia ya Tanzania na Maadili, na kila mwalimu alitakiwa kuleta maswali mawili. Moja la kwake likapita, likawa la tisa: "Tathmini maadili ya uongozi ya Mheshimiwa Aminieli Kirita kwa kutoa hoja sita." Alama kumi na tano.

Hakuna aliyelishangaa. Kirita alikuwa waziri kwa miaka kumi na sita, na alipostaafu alirudi kwao Uru kuishi kwenye nyumba ya bati lililopauka kama la jirani yeyote. Wazazi wa mlimani wakitaka kumwonya kijana aliyepata cheo, humwambia, mwangalie Kirita. Hoja za kusahihishia Yuditha alizichota kwenye kijitabu kilichogawiwa kanisani siku mzee huyo alipotimiza miaka themanini na mitano. Hakupokea rushwa. Alileta maji ya bomba. Aliishi maisha ya kawaida. Aliheshimu haki za raia. Alimcha Mungu. Aliwajali wanyonge. Alipohesabu akakuta zimetimia sita, akazichapa, akaenda kuepua sufuria.

Kusahihisha kulifanyika mwezi wa saba, kwenye darasa la shule moja pale Pasua. Baridi ilikuwa kali hata walimu wakasahihisha wamejifunika vitenge na majaketi. Walikaa kumi na wawili kuzunguka meza zilizounganishwa, kila mmoja na swali lake, karatasi zikipita mkono kwa mkono. Kufikia siku ya pili Yuditha alikuwa amemsoma Kirita yuleyule mara mia mbili na zaidi, na mkono ulikuwa ukiweka vema wenyewe, yeye akili iko kwenye chai ya saa nne.

Ndipo ikamfikia namba 0117. Mwandiko ulikuwa mdogo, umelalia kushoto.

"Mheshimiwa Kirita hakula rushwa," mtoto aliandika, "na maji tunayokunywa nyumbani aliyaleta yeye. Lakini babu yangu alisimama kwenye mkutano wa chama cha wakulima akauliza kwa nini mwenyekiti amewekwa bila kura. Baada ya wiki moja walikuja kumchukua. Alikaa kizuizini miezi kumi na minane bila kesi. Bibi alionyeshwa hati ya kizuizi akaitambua saini, kwa sababu Mheshimiwa ndiye aliyesimamia ndoa yao na alitia saini hiyohiyo kwenye cheti. Bibi alimwendea mara tatu. Kila mara alikaribishwa chai, akaambiwa, shemeji, sheria ni msumeno. Kwa hiyo kiongozi huyu alikuwa mwema kwa vitu vya watu, na kwa watu wenyewe hakuwa mwema. Mimi sijui tathmini inajumlishwaje hapo. Nimeshindwa kufikisha hoja sita."

Yuditha alisoma mara mbili. Miaka kumi na saba ya ualimu alikuwa akiwaambia watoto kwamba kutathmini si kusifu, ni kupima. Huyu ndiye wa kwanza aliyepima. Na hoja ya nne ya mwongozo, ile ya haki za raia, alikuwa ameiandika yeye, Yuditha, bila hata kukaa chini.

Akampa kumi na tatu.

Haikupita nusu saa, Mwalimu Fredy, kiongozi wa jopo, akaja na karatasi ile akavuta kiti karibu naye. Fredy alikuwa mtu mzima, mpole, aliyezoea kuficha miwani yake mfukoni na kuitafuta.

"Mwalimu, hii kumi na tatu umeitoa wapi?"

"Soma, mwalimu wangu."

"Nimesoma. Kwenye mwongozo ana hoja mbili tu. Rushwa na maji. Hizo ni alama tano."

"Lakini swali linasema tathmini."

"Linasema hivyo, ndiyo. Na mwongozo umeuandika wewe." Fredy akashusha sauti. "Yuditha, karatasi hizi zinarudi shuleni. Wazazi wataziona. Ukimpa kumi na tatu, walimu wa shule saba tumesema jambo hili ni kweli. Una ushahidi gani? Bibi aliyesimulia? Mtoto wa miaka kumi na tano?"

Yuditha akaivuta karatasi kwake.

"Tena ningekuwa wewe, nisingempa hata hiyo tano," Fredy akasema, naye hakuonekana kufurahia anachosema. "Sifuri haiulizwi. Mtoto kakosa swali, basi. Lakini alama yoyote hapa itamfanya mtu asome kilichoandikwa. Mkuu wao wa shule anajengewa bwalo na kina Kirita. Fikiri."

Akamwachia karatasi mpaka Jumatatu, aamue.

Jumamosi Yuditha alifanya jambo ambalo hakuwahi kulifanya. Alifungua uzi uliofunga majibu ya 0117, akaichomoa karatasi ya swali la tisa, akaitia kwenye mkoba pamoja na karatasi tupu za mtihani za kuandikia atakachosimuliwa, akapanda bodaboda kwenda Uru. Kwenye orodha alikuwa ameona jina la 0117, Evelyn, na kwa kuulizauliza akajua ni mjukuu wa Mzee Kornel wa Uru. Ushahidi alitaka kwenda kuuchukua kwa mwenyewe. Njia nzima alikuwa akipanga maneno atakayomwambia Fredy.

Ukungu ulikuwa umeshuka hadi kwenye migomba. Alimkuta mzee akikatakata migomba ya ng'ombe kando ya banda, mwembamba, mrefu, koti limefungwa vifungo vyote.

"Shikamoo, meku," Yuditha alisema, kama wanavyoitwa wazee huko.

"Marahaba, mama. Karibu."

Alijitambulisha. Mzee akafurahi kusikia ni mwalimu, akamletea kigoda, akaanza kuulizia afya ya watu wa Pasua ambao wala hakuwafahamu. Yuditha akaitoa karatasi, zile tupu zikatoka nayo. Akaisoma kwa sauti ndogo, maana alidhani mzee angependa kusikia kwamba mjukuu wake ni jasiri.

Alipoinua macho, panga lilikuwa chini na mzee amesimama anatazama njia.

"Nani mwingine ameisoma?"

"Mimi na mwenzangu mmoja."

"Ichome."

"Baba, mimi nataka kumpa alama zake. Nataka tu uniambie kwamba..."

"Sikuwekwa popote mimi. Nilikuwa Tanga, kwenye mkonge. Kibarua. Mke wangu Margareta alikuwa na homa ya kichwa miaka yake ya mwisho, akasema mengi." Alisema haraka haraka, kama mtu anayesali rozari akichelewa shambani. "Mheshimiwa ni mtu mwema. Angalia bomba lile. Angalia, mwalimu."

Yuditha akaliangalia bomba. Juu yake, katikati ya migomba, lilionekana bati lililopauka. Hakuhitaji kuuliza ni la nani.

"Kila Jumapili tunakaa benchi moja," mzee akasema. "Ananipa mkono wa amani, nami nampa. Miaka yote. Unataka niseme nini mimi?"

Evelyn akatokea njiani na mzigo wa majani kichwani. Alikuwa msichana mnene kidogo, mwenye uso usioficha kitu. Alipoiona karatasi akautua mzigo.

"Mwalimu, nimepata ngapi?"

"Utaandika upya," babu yake akajibu. "Sasa hivi. Mwalimu amekuja na karatasi."

"Babu, bibi alinisimulia mimi. Alinionyesha cheti chao."

"Bibi yako amekufa. Mimi niko hai, na mimi nasema nilikuwa Tanga."

Msichana akamgeukia Yuditha. Alikuwa akimngojea mwalimu aseme. Yuditha alifungua mdomo, akamwona mzee ameshika nguzo ya banda kwa mikono miwili, macho yamerudi njiani. Ni nani angemwambia mtu wa namna hiyo kwamba anadanganya? Kama angetaja miezi ile, angekuwa anamchukua mara ya pili.

"Andika, mwanangu," Yuditha akasema, na sauti yake mwenyewe ikamchukiza.

Waliandikia jikoni, kwenye meza ndogo, moshi ukiwaumiza macho. Mzee alisimama mlangoni akatoa hoja. Hakupokea rushwa. Alileta maji. Anaishi kama sisi. Kanisani hakosi. Mgonjwa akisikika, anakwenda kumwona. Zote zilikuwa kweli. Zilipotimia tano, ya sita mzee hakuipata. Yuditha ndiye aliyeitamka, neno kwa neno, kama ilivyokuwa kwenye mwongozo.

"Aliheshimu haki za raia."

Evelyn aliandika. Mwandiko wake ulikuwa uleule, umelalia kushoto. Alipomaliza alifunika kalamu, akaenda nje kumpa ng'ombe majani, na Yuditha alipoaga hakuitika.

Karatasi ya kwanza mzee aliitia motoni kwa mkono wake mwenyewe, akangoja mpaka majivu yakavunjika.

Alimsindikiza mgeni hadi barabarani, amebeba mkungu mdogo wa ndizi za mtori, maana mgeni haondoki mikono mitupu. Palipokuwa na kona, nyumba zote zikiwa zimefichwa na ukungu, alisimama akamkabidhi ndizi.

"Kumi na tisa," alisema.

"Baba?"

"Miezi. Mtoto amekosea. Ilikuwa kumi na tisa na siku nne." Alikuwa akiangalia ndizi, si Yuditha. "Margareta alihesabu tangu barua ilipofika. Mimi nilihesabu tangu mlango ulipogongwa."

"Meku, niruhusu nimwambie mtu mmoja tu. Mmoja."

"Umwambie nini? Bado naishi hapa. Mtoto bado anasoma hapa. Niapie."

Alimwapia. Angefanya nini? Mzee akamshukuru kwa mikono miwili, kama aliyetendewa wema mkubwa, akarudi zake akipapasa ua kwa fimbo.

Jumatatu Fredy alipitia karatasi za jopo. Alipofika 0117 aliona uzi umefungwa upya na wino wa swali la tisa hauko sawa na wa maswali mengine. Akamtazama Yuditha juu ya miwani. Yuditha akainamia kalamu yake. Fredy akaandika kumi na nne, akatia saini, akasogeza karatasi kwa mwalimu aliyefuata bila kuuliza. Tangu siku hiyo akawa anamletea chai yeye mwenyewe, jambo ambalo hakuwahi kulifanya, na chai ile ilimshinda Yuditha kunywa.

Siku ya mwisho kulikuwa na kikao cha kupitia maswali, yale yatakayotumika tena mwakani na yale ya kutupwa. Katibu aliyasoma moja moja. Swali la tisa lilisifiwa, kwamba limefanywa vizuri kuliko yote, wastani wa alama kumi na moja.

Yuditha akanyoosha mkono.

"Naomba hoja ya nne iondolewe kwenye mwongozo."

"Ile ya haki za raia?" katibu akauliza. "Kwa sababu gani, mwalimu?"

Wote walimgeukia. Fredy alikuwa ameanza kutafuta miwani yake, ingawa ilikuwa puani. Yuditha alisimama pale, mikono mezani, na kila neno alilolishika lilikuwa la mzee Kornel, hakuwa na ruhusa ya kulitoa.

"Una sababu, mwalimu?"

"Sina," alisema, akakaa.

Wakapiga kura kwa kunyoosha mikono. Kumi na mmoja walitaka mwongozo ubaki kama ulivyo. Katibu akauliza nani anapinga. Yuditha hakunyoosha. Wakaendelea na swali la kumi.