Kengele ya Saa Nne

Mzee Mstari alijua kola za watu mia mbili. Alijua kwamba mwalimu mkuu anataka kola ikolee wanga mpaka isimame yenyewe, kwamba karani wa mahakama hataki wanga hata tone kwa sababu shingo humwasha, na kwamba mpima ardhi hapendi mikono ya shati ipigwe mstari, anataka iwe mviringo kama bomba. Jina la Mstari alilipata kwa suruali. Watu walisema ukivaa suruali aliyoipiga pasi yeye, angalia usijikate. Miaka thelathini na moja alikuwa katika kibanda hichohicho cha udobi, yeye mbele na pasi, mkewe uani na mabeseni, na hajawahi kumpa mtu nguo ya mwenzake.

Sasa muulize, mkewe anapenda nini? Hilo ndilo swali aliloulizwa hospitalini, na mtu mzima wa mvi zake akabaki anapepesa macho kama mwanafunzi aliyeitwa ubaoni.

Aliyeuliza alikuwa muuguzi wa wodi ya wanawake, binti mwenye miwani, mpole lakini asiyependa kuzungushwa. Mke wa Mzee Mstari alikuwa ameanguka Jumatatu penye mabeseni. Kiharusi. Upande wa kulia ulikufa, ulimi ukafungwa. Siku ya kwanza alimeza maji kijiko kimoja kimoja, kwa hiyo koo lilikuwa zima. Siku ya pili akafunga mdomo. Uji ukaletwa, akageuza uso. Supu ikaletwa, akageuza uso. Muuguzi alieleza kwamba koo halijakataa, aliyekataa ni mwenyewe, na mgonjwa wa namna hiyo pengine hurudishwa na kitu anachokipenda. Basi mama anapenda nini?

"Chai ya rangi, bila sukari," Mzee Mstari alijibu baada ya kuwaza, na kujiamini kukamrudia. "Mke wangu si mtu wa sukari. Na mkate, ile ncha iliyoungua."

Alikuwa na hakika, maana ndivyo alivyomwona akinywa na kula miaka yote: kikombe cha mwisho kilichochujwa kutoka kwenye makapi, na ncha ya mkate iliyobaki sahanini watu wote wakishamaliza. Hakuwahi kujiuliza kama kuna binadamu anayezaliwa anapenda vilivyobaki. Alileta chai chungu na mkate ulioungua siku ya tatu, akaleta tena siku ya nne. Mkewe alimtazama, akauma meno.

Ijumaa daktari alimwita pembeni. Mishipa ya mama ilikuwa imechoka kuchomwa sindano za maji, na mwili ulikuwa unakauka. Kama hadi kesho saa tano asubuhi hajameza kitu, itabidi apitishiwe mpira puani, na kwa moyo ule dhaifu daktari hakutaka kuahidi lolote. Mzee Mstari aliitikia kwa kichwa kama mtu aliyeelewa.

Alimpigia simu binti yao, aliyeolewa mji mwingine. Binti alisema mama anapenda kuwaona wao wameshiba. Baba yake akamwambia hilo si jibu, anataka kitu cha kutia kijikoni. Binti akaanza kulia, akasema yeye siku zote alidhani baba ndiye anayejua.

Akarudi kibandani kuchukua khanga safi. Pale mlangoni akageuza beseni, akakalia, akaweka uso kwenye viganja. Mama wa mboga, ambaye meza yake inatazamana na kibanda, na ambaye hajawahi kuacha jambo la jirani limpite, alivuka barabara akasimama mbele yake. Aliuliza hali, akaambiwa yote: chai, mkate, mpira wa puani, kesho saa tano.

"Shemeji," akasema, "nikwambie ukweli au nikufariji?"

"Niambie ukweli."

Basi mama wa mboga akamwambia. Kila siku saa nne, Mzee Mstari akishapakia nguo kwenye baiskeli na kukata kona kwenda kuzigawa maofisini, mkewe hufuta mikono. Huchemsha chai ya maziwa, hutia sukari vijiko vitatu, tena vya kujaa, huleta kigoda mlangoni. Huvua ndala, hunyoosha miguu juani. Basi. Hana analolifanya zaidi ya hilo. Hanywi harakaharaka, hanywi na mtu, na jirani akimsemesha humwonyesha kikombe, kumaanisha nina kazi. Siku nyingine hucheka peke yake. Ule ndio ulikuwa muda wake, kama dakika ishirini hivi.

"Halafu kengele yako inalia pale konani kwa kinyozi," mama wa mboga akasema. "Anamwaga iliyobaki mtaroni, anaingia ndani."

"Anamwaga?"

"Hata ikiwa nusu kikombe."

Hapo lazima niseme habari ya hiyo kengele, maana Mzee Mstari alijivunia kengele kuliko pasi. Wanaume wengine, alipenda kusema pale kwa kinyozi, huingia majumbani mwao kama askari wa msako. Yeye hapana. Yeye akifika kona hupiga kengele ya baiskeli mara mbili, mke ajue bwana anakuja, ajiweke sawa. Mwanamke ni wa kuheshimiwa, bwana. Hajawahi kumpiga, hajawahi kumtukana, na kengele anampigia. Wanyolewaji waliitikia kwa vichwa kwa kadiri kinyozi alivyowaruhusu.

Mzee Mstari akamuuliza mama wa mboga kwa nini basi mkewe asikae tu. Nani alimkataza kukaa?

Mama wa mboga aliangalia upande wa meza yake kana kwamba mchicha umemwita. "Wewe, shemeji. Mwaka wa kwanza wa kibanda hiki. Ulirudi ukamkuta amekaa na kikombe chake, na watu wamejaa hapa wanangoja nguo. Ukasema, kumbe jamani nimeoa malkia, kazi yake kuota jua. Watu wakacheka mpaka wakashika mbavu. Mwaka mzima wateja walikuwa wakimwita Malkia. Malkia, shati langu tayari? Hukumbuki?"

Hakukumbuka. Alitafuta kichwani kote hakulikuta hata neno moja la siku hiyo. Ulikuwa mzaha, alitaka kusema, lakini aliona haya kujitetea. Wanasema majuto ni mjukuu. Majuto yake yalikuja yakiwa mtu mzima wa miaka thelathini, yakakaa naye kwenye beseni.

Jumamosi, kumepambazuka tu, alikuwa wodini. Alimsihi muuguzi kwa heshima zote, akamwita mwanangu, akamwita hata mama. Alimwomba kwamba ikifika saa nne amtoe mkewe kwa kile kiti cha magurudumu, ampeleke barazani jua linapopiga, amvue ndala, chai ataileta yeye. Muuguzi alimtazama juu ya miwani, akasema sawa, ila saa tano daktari anapita na hatangoja chai ya mtu.

Akarudi nyumbani, nyuma ya kibanda, kupika chai. Na hapa usicheke: hakujua sukari inakaa wapi. Alifungua makopo yote ya jikoni mwake kama mwizi, akaipata ndani ya kopo kuukuu la wanga, juu kabisa ya rafu. Maziwa ya kwanza yalifurika yakazima moto. Ya pili yakaungua. Ya tatu yakakubali. Akatia vijiko vitatu vya kujaa, akaonja kidogo kuhakikisha, akabaki amesimama na kijiko mdomoni. Ilikuwa tamu. Ilikuwa chai ya kumfanya mtu anyooshe miguu. Miaka yote hiyo utamu huu ulikuwa hatua kumi kutoka kwenye pasi yake, na yeye ndiye aliyekuwa mwisho wake. Alilia pale jikoni bila kujificha, kisha akafunga chupa ya chai kwa kitambaa, akapanda baiskeli.

Alichelewa. Saa nne na robo ilimkuta getini mwa hospitali, na ua ulikuwa umejaa watu wa kuja kuona wagonjwa, vikapu na mafurushi. Lakini kule ng'ambo, barazani, akamwona.

Mkewe alikuwa kitini, miguu mitupu imenyooshwa juani, macho yamefumbwa, uso umeinuliwa kidogo. Muuguzi alisimama nyuma yake. Hata ule upande uliokufa ulionekana umepumzika. Mzee Mstari alitambua kwamba anamwona kwa mara ya kwanza. Moyo ulimruka kwa furaha, akakanyaga pedali, akina mama wawili na vikapu vyao wakamzibia njia, na kidole gumba, ambacho hakikuwa na akili zaidi ya kazi yake ya miaka thelathini na moja, kikapiga kengele. Mara mbili.

Mkewe alifumbua macho. Mkono wa kushoto ukashika kiti, akajaribu kusimama. Mwili nusu ulimfuata, nusu ukakataa, akaanza kuanguka ubavu, muuguzi akamdaka mabega. Na ule mkono mzima ukanyanyuka, hauna kitu, ukapinduka upande wa mtaro ambao haukuwepo. Alikuwa anamwaga chai.

Mzee Mstari aliiacha baiskeli ianguke. Alipiga magoti sakafuni mbele ya kiti, mbele za watu, akashika zile nyayo zilizopata joto.

"Kaa, mke wangu," akasema. "Kaa tu. Hakuna kazi. Nakuomba ukae."

Akafungua chupa, akamimina kikombeni, akamletea kijiko. Mkewe aliunusa mvuke, macho yakacheza. Kisha akamtazama mumewe, akauma meno. Hakuwa na hasira usoni, na hilo ndilo lililomuua mzee. Alikuwa anamtazama kama kawaida, kama mtu anayengoja kuambiwa nguo zipi zianze. Mzee alimwomba msamaha, akarudia. Meno yalibaki vilevile. Saa ya ukutani, mlangoni pa wodi, ilionyesha saa nne na nusu na ushee.

Ndipo akaelewa. Akainuka, akamkabidhi muuguzi kikombe na kijiko.

"Mpe wewe, mwanangu. Mimi naondoka."

Muuguzi alipinga. Alisema mgonjwa wa namna hii huhitaji mtu wake karibu.

"Mimi nikiwa karibu, kwake ni saa ya kazi," Mzee Mstari akasema.

Aliokota baiskeli, akaikokota polepole katikati ya ua, makusudi, mkewe amwone vizuri akienda. Akatoka getini. Alizunguka nyuma ya jengo la maabara, akavua viatu, akarudi kwa kunyata huku akiikokota baiskeli mpaka kwenye pembe ya ukuta, hatua ishirini kutoka barazani, akachungulia kwa jicho moja.

Kwa muda hakukuwa na lolote. Jua liliwaka, muuguzi alingoja na kijiko hewani. Mkewe aliangalia geti kwa muda mrefu. Kisha akanyoosha tena miguu, mmoja mwenyewe, mwingine kwa kuusukuma na ule mzima. Akafumba macho. Akafungua mdomo.

Akameza. Akafungua tena. Kijiko cha tatu, cha nne, chai nyingine ikamchuruzika kidevuni, muuguzi akaifuta, cha tano. Vidole vya mguu wa kushoto vikaanza kuchezacheza juani. Na nusu ya mdomo iliyobaki hai ikapanda juu kidogo, anacheka peke yake, kama alivyosema mama wa mboga.

Muuguzi aligeuka kumtafuta kwa macho, akamwona pale pembeni, akampungia mkono kwa furaha, njoo, mzee, njoo uone. Mzee Mstari alitikisa kichwa kukataa. Hakuna kitu alichokitaka duniani kuliko kwenda kukaa chini ya kile kiti, hata bila kusema neno. Alibaki nyuma ya ukuta, miguu mitupu, baiskeli ameiegemeza kiunoni, kengele ameifumba kwa kiganja chote isije ikalia kwa bahati mbaya, mpaka chai ikaisha chupani.