Binti wa Pipani Aiona Filamu Yake

Trudy Vanderhoof alikuwa na miaka tisa alipoigiza binti anayetoka kwenye pipa la matango ya siki na kutafuna wapangaji. Sasa alikuwa na arobaini na saba, akisafisha meno ya watu mjini Toledo, na kila Oktoba alikaa nyuma ya meza kwenye tamasha la filamu za kutisha, akitia sahihi picha zake za utotoni.

Jumamosi hiyo mchana akaja Lyle Hrbek, mwenyekiti wa chama cha mashabiki, kajipaka damu ya sharubati mpaka masikioni. Akapandisha suruali. Sura ya Trudy ilikuwa imechorwa tatuu mguuni, ila vinyweleo vilikuwa vimeiotesha ndevu.

"Dada Trudy, hebu nipigie ule ukelele."

Akaupiga. Lyle akakunja uso kama aliyeuziwa maziwa yaliyochacha.

"Sio huo."

"Sio huo vipi, na mwenyewe ni mimi?"

"Ule ni wa mbuzi. Walimrekodi mbuzi. Kwani hujaiona filamu yako?"

Hakuwahi. Siku ya uzinduzi mama yake alimtoa nje akamnunulia aiskrimu, na tangu hapo hata bango lake lilimtia hofu.

"Naogopa," alisema.

"Unajiogopa? Usimwambie mtu. Mimi mwenyekiti, nitaiweka wapi sura hii?"

Filamu ilikuwa inaanza ukumbi wa juu. Lyle akamkokota, wakaketi katikati ya mashabiki waliovaa mavazi ya kutisha. Kwenye skrini, katoto kenye pengo kalisimama kando ya pipa, kimya, kakimtazama mwenye nyumba. Trudy akaona kwamba kale katoto kalijua kuigiza, tena sana. Miaka yote watu walimwambia alitisha. Hakuna aliyemwambia alikuwa hodari.

Mbuzi akalia. Trudy akaruka, akakanyaga maiti watatu na mtawa mmoja, akatokea koridoni.

Lyle akamfuata. "Umemwaga bisi zangu zote."

"Mwishoni nakufa?"

"Hufi. Unamla mchungaji, unapanda basi kwenda Cleveland."

"Basi hilo nalikumbuka. Nililala njia nzima." Akajifuta macho. "Twende, nishike mkono."

"Nina damu."

"Nishike hivyo hivyo."

Wakarudi ndani. Maiti wakakunja miguu kuwapisha, na mtawa akamsogezea Trudy bakuli lake la bisi.