Mguu wa Mtani

Kabla somo halijaanza, Kelera alinivuta pembeni ya ukumbi. "Nesi, mume wangu ana kidonda mguu wa kushoto. Kinanuka. Hata mimi hataki nikione, na hospitali hataki kuisikia. Leo nimemleta kwa hila, nimemwambia kuna yaqona ya kunywa."

Nikamwambia nitajitahidi. Mimi ni mtu wa sauti ndogo, na kijijini Vunisaqa nilikuwa mgeni.

Watu walikaa mikekani wamekunja miguu, kama adabu yetu inavyotaka. Nilieleza jinsi ugonjwa wa sukari unavyotia ganzi nyayo, mtu akakanyaga msumari asijue. Wakasikitika, wakaguna. Kisha nikasema, "Haya, sasa tunyooshe miguu tuikague."

Hakuna aliyenyoosha. Nikatamani mkeka unimeze. Nani atawaelekezea wenzake nyayo, ndani ya ukumbi, bakuli la yaqona likiwa katikati? Mama yangu angenifinya.

Apenisa, mume wa Kelera, alikuwa ameishusha sulu yake, shuka la kiunoni, hadi ikafunika vidole. Ndiye aliyeniokoa, bila kukusudia.

"Somo tamu, nesi," alisema. "Lakini hujatuambia. Kwenu wapi?"

"Nakorotari."

Ukumbi ulilipuka. Apenisa akapiga mapaja. "Mtani! Ndiyo maana miguu inamshangaza! Kwao wanatembea kwa makalio!"

"Apenisa, jamani!" mkewe alimkaripia.

"Niache, mama. Babu zetu ni wamoja, huyu ni halali yangu."

Ni kweli. Mtani huingia uani kwako akaondoka na jogoo, nawe huna ruhusa ila kucheka. Nilipokumbuka hilo, nikamgeukia.

"Mtani," nikasema, "nimeupenda mguu wako wa kushoto. Nauchukua."

Watu wakacheka. Apenisa peke yake hakucheka.

"Chukua kuku," alisema. "Au nguruwe. Ninaye mnene."

"Nguruwe baki naye, mmefanana. Mimi nataka mguu."

Kicheko kiliwalaza wengine mikekani. "Mpe! Mpe mali yake!" wakapiga kelele. Kumnyima mtani mbele ya watu wote hao, hilo hakuliweza. Akaivuta sulu taratibu, akaunyoosha mguu.

Harufu ilifika kwanza, kicheko kikapungua. Kidonda kilikuwa chini ya kidole gumba, kingo zake zimeanza kuwa nyeusi. Nikabonyeza pembeni yake.

"Unaumwa?"

"Sisikii kitu." Sauti yake ilikuwa imeshuka. "Mtani, utaukata?"

"Nikate mali yangu? Nataka utibiwe leo. Ukilala nao hapa hadi Jumapili, watakuja kuukata wengine."

Aliniangalia, akamwangalia Kelera, aliyekuwa akifuta macho kwa ncha ya gauni.

"Basi mwenye mguu aubebe," alisema. "Mimi sitembei na mali ya watu."

Vijana wakambeba juujuu hadi kwenye gari letu la hospitali, wakiimba. Nyuma yake wanaume wengine walikuwa wameanza kunyoosha miguu mmoja mmoja, wakiniuliza kama nayo naitaka.

Baada ya siku chache nikapigiwa simu kutoka hospitali.

"Mtani, nina habari mbaya," alisema Apenisa. "Daktari amepoteza kidole chako kimoja. Mguu wenyewe umebaki mzima. Nimemwambia mwenye mguu ni mkali, lakini nitamwombea msamaha."

Nilicheka mpaka nikalia.

"Msamehe," nikamwambia. "Ila vilivyobaki nitunzie, nitakuja kuvikagua."

"Njoo. Nguruwe anakusubiri, anasema mnafanana."