Fisi Aliyeinama

"Inua uso, fisi!" Aikaeli alipaza sauti, na ukumbi mzima wa kigango ukacheka. Marsela akazidi kuinama.

Mchezo huo niliuleta mwenyewe kutoka chuoni, likizo iliyopita, kwa ajili ya vijana wa kwaya. Kila mtu hupewa kadi kwa siri: wengi ni wachungaji, wachache ni fisi waliojificha zizini. Watu huulizana, huchunguzana, kisha humpigia kura wanayemshuku ili atoke. Mimi nilikuwa msimamizi. Nilizijua kadi zote, na sheria ilinifunga mdomo.

Kabla hatujaanza tulikuwa tumebishana. Nilidai, kwa ujasiri wa mwanafunzi wa sanaa za maonyesho, kwamba huo nao ni mchezo wa kuigiza: mtu huvaa uhusika, kisha huuvua. Marsela, rafiki yangu tangu tukiwa wadogo huku kijijini Daa, alitikisa kichwa.

"Kwenye igizo napewa maneno, napewa na kanga ya kujifunga. Hapa nimepewa kadi tu. Watakayemhukumu ni mimi."

Aikaeli alikuwa dada mkubwa wa Dennis, dereva wa watalii, ambaye washenga wake wangefika kwa kina Marsela Jumamosi. Bibi yake Marsela alimlea kwa kumfundisha kwamba wifi mtarajiwa hakaziwi macho. Kuinama ndiyo heshima. Aikaeli alikulia Machame, na somo hilo hakulipata.

"Huyu anaficha kitu," alisema. "Au vipi, Dennis?"

Dennis alicheka. Kisha akaacha kucheka. "Siku ile nilimuuliza mbele yako, dada, nani anampigia simu. Aliinama hivi hivi."

Nikaisahau sheria. "Ni heshima, dada Aikaeli! Sisi huku—"

"Msimamizi hatetei!" walipiga kelele, wakigonga mabenchi. Mikono ikainuka. Wa Dennis ulikuwa wa mwisho.

Niliigeuza kadi ya Marsela mezani: mchungaji. Nikangoja waone haya.

Aikaeli hata hakuitazama. "Hiyo ni ya mchezo," alisema taratibu.

Nilimfuata Dennis hadi kwenye gari, nikamweleza yote. "Nimekuelewa, Hyasinta," alijibu, akifuta vumbi jekundu kiooni. "Lakini dada ndiye aliyenilea."

Jumamosi tulipanga uani viti tulivyoazima kigangoni. Mama yake Marsela alifunika chakula, akakifunua, akakifunika tena. Simu ya Dennis haikupatikana. Kwa mbali tulisikia magari ya watalii yakipanda kuelekea Ngorongoro. Hakuna lililokata kona kuja kwetu.

Jua lilipopungua makali tulianza kurudisha viti. Marsela alijitwika viwili, shingo imenyooka, macho mbele.

"Bado unasema ni igizo?"

Nilijitwika vyangu, nikamfuata. Tulikuta kigango kimefungwa. Tukavishusha viti, tukavikalia, tukamsubiri mwenye ufunguo.