Hildegarda Anauliza Kwanza

Nimeishi Tabora, Kigoma, Mpanda na kwingine ambako majina yameshanitoka, na kote huko sijapata kujivunia mtu wa kwetu kama nilivyojivunia Hildegarda pale Mikumi.

Ni binti wa marehemu mdogo wangu. Alisoma kompyuta Morogoro, akarudi Kilosa kushika duka la intaneti la mtu karibu na soko. Zilikuwa zile zama kila mwenye chumba cha ziada anaandika GESTI mlangoni, na simu za mkononi zimeshafika mpaka kijijini Chanzuru. Mzee Abubakari, mwenye gesti Mikumi, alisikia wenzake wana tovuti, naye akaitaka. Akamwita Hildegarda. Nami nikaandamana naye, maana kukaa nyumbani sijui.

Tulipomaliza salamu mzee akasema, "Weka tembo. Na picha yangu, kubwa, nimevaa kanzu. Anza leo."

"Mzee, siandiki kitu kwanza. Nataka kujua nani ataisoma, na anatafuta nini. Niruhusu niwaulize wageni wako."

Mzee akanigeukia. "Huyu fundi wako kaja bila nyundo?"

"Mafundi wanaoanza kwa kugonga nimelala kwenye nyumba zao," nikamjibu. "Zinavuja."

"Basi mpaka Jumamosi. Yupo kijana Morogoro anasema hiyo tovuti ni kazi ya usiku mmoja. Nisipoona cha maana, nampa yeye."

Ile ndiyo ilikuwa kazi ya kwanza ya Hildegarda mwenyewe. Akiikosa, anarudi kushika duka la mtu, na Kilosa nzima itajua.

Tukakaa barazani. Kila mgeni alipotoka, Hildegarda alimwamkia, akamuuliza amepata shida gani. Dereva wa lori akasema hakuna shida, tunashukuru. Mwalimu aliyeleta wanafunzi mbugani akasema pazuri sana, mwanangu. Ndivyo tulivyo. Huwezi kulala kwa mtu halafu umseme mbele ya mtoto aliyekupa shikamoo. Tukashinda hivyo, na kesho yake tena. Mzee akipita anacheka: "Si umesikia? Weka tembo."

Jioni nikaingia jikoni na Hildegarda, nikaomba chai. Mpishi, Mwamvua, ni Msagara. Aliposikia mimi ni Mnyamwezi, akalificha birika nyuma yake. Sisi ni watani.

"Babu zenu walikuja kukata mkonge wakasahau njia ya kurudi. Leo mnataka na sukari?"

"Hayo maji ya kuoshea sufuria ndiyo chai? Kumbe ndiyo maana wageni wanakimbia."

"Hawakimbii chai, wanakimbia geti. Basi likiwashusha usiku wanagonga mpaka mikono inavimba. Mlinzi kalala kama Mnyamwezi aliyeshiba."

Nilicheka mpaka nikakohoa. Hildegarda hakucheka. Alisimama na kikombe mkononi, anamtazama Mwamvua.

Asubuhi alikuja na swali jingine. Akamfuata mama mmoja aitwaye Fausta, muuza vitenge wa Iringa. "Shikamoo shangazi. Hivi mtani wako akilala hapa, akirudi kwao atawacheka nini wenye gesti hii?"

"Marahaba. Mtani wangu?" Fausta akatua mzigo. "Yule hana adabu. Atasema bafu liko nje, mwanamke anakatiza uwanja na khanga moja mbele ya madereva. Atasema heri angejua mapema, akalale kwingine."

Yeye hakusema kitu, kasema mtani. Yule dereva naye, mtani wake angelalamika kwamba lori halina pa kulala. Mtani wa mwalimu angesema wanafunzi walikula kwa zamu mpaka jua likazama, kwa kuwa mpishi hakuambiwa wanakuja. Tembo hakuna aliyemtaja. Tembo unamwona barabarani bure.

Jumamosi Hildegarda akabandika makaratasi ukutani, ameuchora kila ukurasa wa tovuti kwa kalamu: geti linafunguliwa saa ngapi, bafu liko wapi, lori linalala wapi, namba ya kumpigia mpishi mkiwa wengi. Mzee Abubakari akasoma amesimama.

"Picha yangu iko wapi?"

"Haipo, mzee. Hakuna aliyeiulizia."

Mshipa wa shingo ukamsimama. "Na hapa umeandika geti liko wazi usiku. Si kweli."

"Si kweli, mzee. Ikishasomwa na watu itabidi iwe kweli. Ndiyo maana nimekuonyesha kabla sijaanza."

Sauti yake haikutetemeka. Mimi nilishaanza kuutafuta mlango kwa macho.

Mzee akakaa. Akamwita mlinzi, akamwambia kuanzia siku hiyo awe analala mchana. Kisha akatoa simu na mbele yetu akamwambia kijana wa Morogoro asije.

"Haya binti. Anza."

"Bado, mzee. Madereva wanaobeba sukari kutoka kiwandani Ruaha wanapita hapa hawasimami. Nataka kujua kwa nini."

Nikasema moyoni, kaharibu. Mzee akamtazama, akapapasa mfuko wa kanzu, akatoa funguo za pikapu.

"Dereva wangu atakupeleka huko Ruaha. Huyo Mnyamwezi wako akae nyuma."

Nilikaa nyuma. Njia nzima nikawapungia mkono watu nisiowajua.