Vidole Nyuma ya Mgongo

Zuleha aliinama karibu na wavu, akaficha mkono mgongoni na kukunjua vidole viwili. Viwili maana yake mpira uende pembeni. Nyuma yake Agustina akaupiga katikati, na Zuleha, aliyekwisha kuruka upande mwingine, akabaki kuukumbatia upepo.

"Nilionyesha viwili, Agu!"

"Nisamehe, dada."

Ilikuwa mara ya nne, na bado hata seti moja haijaisha.

Walijifunza tenisi kwenye loji moja kule Ikoma, walikokuwa madobi. Wafanyakazi walipewa uwanja nusu saa tu, kwa hiyo walicheza wanne wanne. Miaka kumi na saba sasa wanaishi kwa mchezo huo wa wawili wawili, Nairobi, Kampala, Kigali, na watu wa Tarime hawakuchoka kumtania Zuleha: mbona huchezi peke yako, unaogopa nini? Naye huwajibu kwamba kidole kimoja hakivunji chawa.

Nje ya uzio alisimama kocha Projestus na fomu ya mashindano ya Kampala mkononi. Jina la kwanza lilikuwa la Zuleha. La pili lilikuwa bado, na asubuhi alikuwa amemwambia wazi: "Mchukue Christina, ana miaka ishirini na mbili. Agustina amekwisha. Nataka jibu leo jioni."

Walipopumzika, Agustina akapapasa benchi akitafuta chupa ya maji iliyokuwa mbele yake kabisa. Zuleha akamtilia chupa mkononi.

"Tangu lini?"

"Tangu Pasaka. Mpira nauona, si ni wa njano? Vidole vyako ndivyo vinanipotea kwenye hiyo fulana nyeusi."

"Kwa nini hukuniambia?"

"Ungeniacha."

Zuleha alitamani kumzaba kibao, kisha akatamani kumkumbatia. Hakufanya lolote kati ya hayo. Alirudi kwenye wavu, na badala ya kuonyesha vidole akapaza sauti kwa Kikurya, lugha aliyofundishwa na mama yake Agustina huko kijijini Genkuru, kwamba mpira uende katikati.

Wapinzani wao, wasichana wawili kutoka ng'ambo ya mpaka wa Sirari, wakaangua kicheko.

"Aki mama, hata sisi ni Wakurya!" akasema mmoja, na mpira akaurudisha kwa raha zake.

Hata Agustina akacheka. Zuleha peke yake hakucheka. Alikuwa akitazama chini, kwenye mistari ya chokaa iliyomwagwa juu ya udongo mwekundu wa moramu asubuhi ile. Akachutama kama mtu anayefunga kamba za viatu, akachovya mkono, akasimama.

Vidole viwili, vyeupe pepepe.

Mpira ukaenda pembeni kama ulivyoagizwa, na Zuleha akawa tayari anausubiri.

Walishindwa, lakini kwa pointi mbili tu, na wasichana wale walitoka uwanjani wakihema. Projestus akaisogeza fomu.

"Haya, mama. Wa pili nani?"

Zuleha akachukua kalamu, akaandika mwenyewe, taratibu, akahakikisha kila herufi inasomeka. Projestus akasoma, akaguna, akapuliza chokaa iliyobaki kwenye karatasi. Haikutoka.

"Umemwandika nani?" Agustina akauliza kutoka kwenye benchi.

Zuleha alimpa mgongo, akaficha mkono nyuma, akakunjua vidole viwili. Agustina akavihesabu kimoja kimoja, Zuleha na yeye, kisha akainuka kwenda kuokota mipira.