Wino Juu ya Vishimo

Saa mbili na dakika kumi na mbili asubuhi, mashine ya PCR ya chuo, ya kupimia vinasaba, ilikuwa tayari, taa yake ya kijani imetulia. Odeta alikuwa ameandikisha zamu hiyo mwezi mmoja uliopita. Nafasi nyingine ingepatikana baada ya wiki tano.

Odeta alikuwa mwanafunzi wa shahada ya uzamili. Alikuwa na sampuli thelathini na sita za nyuki wa Inyonga, akitafuta vinasaba vya kimelea cha tumboni, na vitendanishi vya kuzipima mara moja tu. Vikiharibika, tarehe ya kukabidhi tasnifu ingepita kabla havijaja vingine.

Makarius, bwana mifugo wa Majimoto, aliingia na kiboksi cha barafu.

"Dada Odeta, leo hatusalimiani?"

"Shikamoo, bwana mifugo. Hujaandikisha zamu."

"Marahaba. Ndama hawajui zamu. Nina sampuli ishirini, watu wanataka kujua kama ni ndigana kali, ule ugonjwa wa kupe."

Krispini, fundi wa maabara, alicheka. "Nyie wa Majimoto mnadhani hii ni lori la mpunga, kila mtu anadandia."

Odeta alisoma karatasi ya Makarius. Kipimo chake kilitumia nyuzi joto sitini, sawa na cha nyuki, hivyo vingeweza kwenda pamoja. Sahani ilikuwa na vishimo tisini na sita. Odeta alikuwa ameshajaza arobaini na viwili vya kushoto: sampuli zake, vitatu vyenye kimelea kinachojulikana, na vitatu vya maji matupu, ili uchafu ukiingia uonekane.

"Chukua safu sita za kulia," alisema. "Ukimaliza, funika sahani yote kwa ile plastiki angavu."

Alikwenda kwenye kompyuta kuingiza majina ya sampuli. Aliporudi, sahani ilikuwa imefunikwa, na juu ya plastiki kulikuwa na maandishi ya maka pen: upande wa kulia majina ya wenye ng'ombe, upande wa kushoto ODETA, kwa herufi kubwa.

"Nani kaandika hapa?"

"Mimi. Kwetu tyubu isiyo na jina juu ni ya yeyote. Nikaona nikuandikie na wewe."

"Mashine inasomea juu, bwana mifugo. Inapima mwanga unaopita kwenye hii plastiki. Wino unauzuia."

Makarius alitazama sahani. "Kumbe jicho liko juu."

"Futa na spiriti," Krispini alisema.

Odeta aliandika kwenye kipande cha plastiki kilichobaki, akakifuta kwa spiriti, akakiinua dirishani. Ukungu wa kijivu ulikuwa umebaki. Kubandua plastiki nako kulikuwa na hatari: tone moja likiruka kutoka kishimo hadi kishimo, majibu yote yangetupwa. Lakini hatari hiyo vishimo vya maji vingeionyesha. Ukungu usingeonyeshwa na kitu.

Aliizungusha sahani kwenye sentrifuji dakika mbili ili matone yote yashuke chini. Akabandua plastiki polepole kuanzia pembeni, akabandika mpya. Makarius alikuwa ameweka mikono mfukoni.

Mashine ilianza saa tatu na dakika tano. Walikaa kwenye benchi la nje, kwa kuwa ndani hakuliwi kitu, wakatafuna karanga za Makarius.

"Ndama wa Manyanda wakikutwa nayo," alisema Makarius, "Manyanda atasema mashine ina chuki naye."

"Mwambie mashine haimjui."

"Ingemjua. Niliiandikia jina lake, ukalibandua."

Odeta alicheka, akachukua karanga nyingine.

Saa nne na dakika arobaini mzunguko wa arobaini, ambao ni wa mwisho, ulikwisha. Kwenye skrini, mistari ya vishimo vya maji ilikuwa imelala chini, yote mitatu. Sampuli zote za nyuki zilisomeka. Kumi na moja zilikuwa na kimelea. Ndama tisa walikuwa na ndigana kali, wanne wa Manyanda. Makarius alitoka kupiga simu.

Odeta alimtumia msimamizi wake faili. Saa tano na dakika tisa jibu liliingia: "Nimeona. Maji ni safi. Anza kuandika."